Mabeseni Ndiyo, Bidoni Hapana

Mtoto hubatizwa mara moja, lakini fonteni ya mtaa wetu, bomba la maji la watu wote, imezinduliwa mara tatu. Kila mgodi wa jirani ulipopata wenye mali wapya, mabomba yale yale yalipakwa rangi mpya, yakafungwa utepe, na wageni wakaletwa kuyatazama. Mara ya kwanza fonteni ilikuwa ya buluu, mara ya pili ya kijani, na mara ya tatu nyeupe yenye jani lililochorwa ubavuni, kwa sababu wenye mali wa safari hiyo walikuwa wanapenda mazingira. Katika picha za siku zote tatu, karibu na mkasi, amesimama mtu mmoja mfupi, mnene kiasi, mwenye kofia ya kutariziwa na viatu vyenye ncha. Huyo ndiye Prezida.

Si prezida wa nchi. Ni wa kamati ya maji ya mtaa, kamati ambayo haijawahi kukutana watu wote wakiwa wameketi, kwa kuwa viti havikutosha. Lakini hapa Kolwezi ukipewa cheo cha kamati kinakuganda kuliko jina, na sidhani kama hata mke wake alimwita vinginevyo. Habari za ukoo wake waulizeni wanaopenda koo. Mimi, mama mwalimu wa mtaa, nilimjua kama jirani, nyumba yake na yangu zikitenganishwa na ukuta wa matofali ya kuchoma, na kwa miaka yote hiyo nilimpenda na kumkasirikia, mara nyingi siku ile ile.

Kazi yake ilikuwa kuuza maji. Alikuwa na lori kuukuu lenye tangi mgongoni, na kwenye tangi aliandikisha kwa rangi nyekundu MUNGU ANAONA. Mama wa maandazi, ambaye meza yake iko kwenye kona ya fonteni na ulimi wake haujui likizo, alisema kwamba Mungu akiiona bei atafumba macho. Maji yenyewe aliyachota kwa masista, mbele kidogo kwenye barabara ya Tenke, ambako kuna kisima ndani ya ukuta wa misheni. Muislamu wa watu alikuwa na ufunguo wa geti la masista! Aliwabebea unga na mkaa, wao wakamwachia kisima, na siku ya Idi walimletea keki. Ukimtania juu ya hilo alikujibu kwamba maji hayana dini, yana usafiri tu.

Mwezi wa Ramadhani aliuza maji kutwa nzima bila kutia tone mdomoni, na katika mwezi huo ole wake mtoto aliyemwaga. Penye kilio, lori lake lilifika kabla ya mchungaji, awe amekufa Mkatoliki, Mprotestanti au mlevi asiye na kanisa, na hakupokea hata faranga. Penye ndoa alitoza mara mbili. Nilipomwambia kwamba hiyo si haki, alishangaa kweli kweli, akasema mwenye furaha hahisi uzito wa mfuko wake, mwache alipie na wafiwa. Binti yangu alipoolewa nililipa mara mbili kama wengine, nikiwa nimenuna.

Sasa mtauliza ilikuwaje muuza maji akawa mkubwa wa maji ya bure. Ilikuwa hivi. Fonteni ilipokwisha kujengwa, kampuni ilisema haiwezi kuifungua mpaka wananchi wawe na kamati, maana siku hizi wananchi ni lazima washirikishwe. Tukakutana adhuhuri katika darasa langu, jua kali, vumbi la malori yanayokwenda Mutoshi likiingia madirishani. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuleta maji kwenye mkutano wa maji. Aliyefikiria ni mmoja tu. Alileta dumu baada ya dumu na vikombe safi, tukanywa, tukapiga kura. Na hoja tulikuwa nayo, tena tuliiona ya busara: kila pampu huharibika, na siku hiyo ni nani atakayetuokoa kama si mwenye lori? Basi fisi tukamkabidhi bucha, tukampigia na makofi.

Hazikupita wiki nyingi akatoa amri iliyomfanya asemwe katika kila ua: mabeseni ndiyo, bidoni hapana. Bidoni ni yale madumu ya njano, na kila mtu hapa anajua kwamba beseni ni la kufulia na kuoshea vyombo, bidoni ni la maji yanayoingia tumboni. Kwa amri hiyo ungeweza kufua mashuka ya ukoo mzima kwenye fonteni, lakini ukija na bidoni Prezida anakurudisha. Sababu alikuwa nazo tele, na alimpa kila mtu ya kwake. Huyu aliambiwa bidoni zinarefusha foleni. Yule aliambiwa zinavunja robine, yaani koki. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, niliambiwa ni suala la usafi wa jamii.

Wanawake hawakuhitaji kuambiwa sababu. Bidoni likikataliwa fonteni litajazwa wapi, kama si kwenye lori la MUNGU ANAONA? Mama wa maandazi alilisema hilo kila asubuhi huku akigeuza maandazi yake, kwa sauti ya kutosha kufika ng'ambo ya barabara. Na Prezida alikuja kununua maandazi hayo hayo kila asubuhi, akasikiliza mpaka mwisho, akalipa, akaenda zake.

Lakini tuseme ukweli, macho tulikuwa nayo. Chai uliyopika na maji ya fonteni ilitoka nyeusi hata ukiizidishia maziwa. Mabeseni yalifanya ukingo wa kijani usiotoka kwa kusugua. Mgomba uliokuwa kwenye mtaro wa fonteni ulianza kukauka majani tangu uzinduzi wa kwanza, na kufika wa pili walikuwa wameung'oa ili usiharibu picha. Wote tuliona. Ila maji yaliyo karibu na yasiyolipiwa yana jinsi yake ya kujitetea, na mtu mwenye watoto wengi na hela chache humsikiliza wakili wa namna hiyo. Mimi nilikuwa na mshahara, ukichelewa lakini upo, kwa hiyo nilinunua kwa Prezida maji ya kunywa na nikapata nafasi ya kuwa na mashaka. Mashaka nayo ni ya wenye uwezo.

Tuliwahi kuuliza. Kampuni ilikuwa na Bwana wa Mahusiano, kijana mtanashati kutoka Lubumbashi ambaye kazi yake ilikuwa kuhusiana nasi, na aliyevaa helmeti hata mahali ambapo hakuna kitu cha kumwangukia isipokuwa mbingu. Alitujibu kwamba maji yamechukuliwa kupimwa na majibu yako katika mchakato. Tulipouliza tena, mchakato ulikuwa umeuzwa pamoja na mgodi. Kwa wenye mali wapya ukaanza mchakato mpya.

Prezida hakugombana nao hata siku moja, na hilo lilinikera kuliko bei yake. Alikuwa na msemo kwamba mwekezaji ni sawa na mkwe: ukimwonyesha shida zote siku ya kwanza, atakumbuka kwamba ameacha kitu nyumbani. Kwa hiyo siku za wageni alituandaa kama kwaya ya Pasaka. Siku mbili kabla alipita nyumba kwa nyumba. Wanaume waliokuwa wanachimba mashimo ya madini kule Kasulo waoge, watoto wavae viatu au wakae ndani, na akina mama, sikilizeni vizuri, siku hiyo bidoni zinaruhusiwa. Tena zile mpya, za njano inayong'aa, maana beseni halipendezi kwenye picha. Basi wageni walipowasili walikuta foleni nzuri ya wanawake wakiteka maji ya kunywa, wakapiga picha, wakafurahi. Vumbi la magari yao lilipotulia Prezida alitembea kutoka bidoni hadi bidoni akihakikisha kila moja limemwagwa ndani ya beseni. Nilimwona kwa macho yangu akimfuata bibi kizee mmoja hadi mlangoni kwake kwa ajili ya bidoni moja. Niliwaza, huyu mtu uchoyo umemfika pabaya.

Mimi siku hizo nilikuwa mkalimani. Nafundisha Kifaransa sekondari, na kampuni iliniita kila walipokuja wageni. Wao walisema lugha yao, kijana wao waliyekuja naye akaigeuza Kifaransa, mimi nikaigeuza Kiswahili, na maneno yalipowafikia akina mama yalikuwa yamechoka kama wasafiri wa treni. Uwekezaji wenye uwajibikaji, uendelevu, maji ni uhai. Prezida aliitikia kila neno kwa kichwa. Niliporudi naye nyumbani aliniuliza uendelevu ni nini hasa, nikamweleza kwamba ni jambo lililofanywa hivi kwamba litadumu hata baada ya wenyewe kuondoka. Alifikiri kidogo, akasema basi shimo la mgodi ndilo endelevu kuliko vyote.

Uzinduzi wa tatu ndio uliotibua mambo. Safari hiyo walikuja watu wa fedha wenyewe, wale wanaoweka mali yao katika mgodi kwa sharti kwamba mgodi uwe na moyo. Kati yao alikuwamo mama mmoja wa makamo, kofia pana ya jua, mpole, mwenye tabia mbaya ya kuuliza na kungoja jibu. Utepe ulipokatwa aliuliza kama haya maji tunayanywa. Bwana wa Mahusiano alijibu kabla sijatafsiri, akasema tunayanywa sana. Mama akatabasamu, akasema basi na yeye angependa kuyaonja.

Nilitafsiri. Prezida aliagiza glasi, akaisuuza, akaijaza chini ya robine, akaiinua juani kama mtu anayekagua yai. Kwetu, kama mjuavyo, anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza mbele yako, ili ujue kwamba hakukutilia kitu. Hata mama yako mzazi akikuletea pombe ya mahindi, huanza yeye. Nilijua atainywa. Nilimwonea huruma.

Badala yake alimgeukia Bwana wa Mahusiano na kumpa glasi kwa mikono miwili.

"Desturi yetu, tata," alisema, "mutu mwenye anatoa njo anaonja wa kwanza. Fonteni ni ya kampuni. Basi kampuni ionje."

Bwana wa Mahusiano alicheka, kisha akasema samahani, amefunga. Alikuwa Mprotestanti, na Ramadhani ilikuwa imepita zamani. Prezida alimtazama kwa heshima kubwa, akaipeleka glasi kwa mhandisi. Mhandisi akasema tumbo linamuuma. Akaipeleka kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akainua chupa yake ya plastiki kuonyesha kwamba ameshakunywa. Ilizunguka hivyo mpaka ikakosa pa kwenda, na yule mama mpole, akidhani ni heshima zetu zimekuwa ndefu, alinyoosha mkono aipokee. Prezida aliimwaga chini.

"Ile ni mayi ya kufulia, mama," alisema. "Mugeni hapewake."

Nilitafsiri neno kwa neno, kwamba haya ni ya kufulia, mgeni hapewi. Niliogopa kwamba hawataniita tena, na kweli hawakuniita tena.

Kampuni, mbele ya watu wa fedha, ikaamua kuwajibika siku ile ile. Mpaka majibu ya vipimo yatoke, ilisema, mtaa utapelekewa maji safi kwa lori, bure, kwa gharama ya mgodi. Ilikuwa habari njema mno, tuliimba. Kisha tukauliza ni lori la nani. Katika mtaa wetu lori lenye tangi ni moja.

Hapo ndipo wanawake walipoiona njama yote, kuanzia vikombe vya siku ya kura hadi glasi iliyomwagwa, imepangika vizuri kama matofali. Na Prezida, ambaye angeweza kujitetea, alifanya nini? Alilipaka lori rangi mpya. Alijinunulia viatu vingine vyenye ncha. Alipita mtaani ameketi wima kama bwana harusi, akipiga honi kwenye meza ya mama wa maandazi. Nilimkasirikia wiki nzima. Nilikuwa nimepoteza ukalimani wangu kwa ajili ya ukweli, na ukweli ulikuwa unaendesha lori lenye rangi mpya.

Kura ikarudiwa, katika darasa lile lile, safari hii kila mtu amekuja na kikombe chake. Mama wa maandazi alishinda bila kuhesabu mikono. Ahadi yake ilikuwa moja, bidoni kwa wote, na aliitimiza kabla hajakaa. Simlaumu. Ana wajukuu anaowalea peke yake, wa mwisho bado wa kubebwa mgongoni, na maji ya kununua hula faida ya maandazi yote. Maji ya lori yalikuwa yanakuja siku moja, yakikosa siku mbili. Fonteni ilikuwa pale pale kwenye kona. Kampuni nayo ilifurahi. Kama wananchi wenyewe, kwa kamati yao wenyewe, wameamua kunywa, lori la nini tena? Mkataba ukakatwa, na majibu ya vipimo yakabaki katika mchakato.

Basi mtaa mzima ukaanza kunywa. Nilipita kwenye kona nikaona yule mjukuu wa mgongoni akinyweshwa uji uliokorogwa na maji ya fonteni, uji wa rangi ya majivu, na nikaogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa maishani. Nilimwambia mama wa maandazi. Alinijibu kwa upole kwamba mimi nimeshindwa kura pamoja na rafiki yangu, nikapumzike.

Na hapo Prezida, ambaye hakuwa tena prezida wa chochote, alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alianza kuleta maji bure. Hakukuwa na kilio wala msiba. Kila alasiri aliegesha lori mkabala na fonteni, akafungua mpira, akakaa kwenye kigoda. Hakuna aliyekuja; hata mimi nilichota yangu nyumbani kwake usiku. Mkono mtupu haulambwi, na huyu amekuja na mkono umejaa. Lazima anataka kitu. Wakasema ni kampeni, anataka kiti chake. Mwingine akasema ametia dawa ili tuikatae fonteni. Alikaa hivyo miezi, akichoma mafuta kwenda kwa masista na kurudi, akimwaga jioni yale yaliyobaki kwenye mizizi ya miti ya watu. Mkewe aliniambia kupitia juu ya ukuta kwamba wameuza friji.

Mwisho wa kiangazi hiki nilimkuta pale, vumbi limemgeuza kofia rangi, amevaa sandali za plastiki. Nilikaa kwenye jiwe karibu naye. Wanawake walikuwa foleni upande wa pili wa barabara na bidoni zao, wakitutazama bila kutazama. Nilimuuliza lile ambalo nilikuwa nimeona haya kumuuliza miaka yote: alijua tangu lini kwamba maji ni mabaya?

"Siku ya kwanza," alisema. "Nilionja, nikatema."

"Na ukafanya nini?"

"Nilifurahi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nilisema asante Mungu, kamio yangu ya mayi itaishi. Kisha nikaona batoto banajaza bidoni, nikaogopa. Lakini muuza mayi akisema mayi ya bure ni mubaya, nani atamuamini? Njo nikaweka ile sheria ya mabeseni. Batu banauliza kama nilikuwa mwizi ao mulinzi. Nilikuwa bote bawili, mama mwalimu. Ila mwizi njo alifika wa kwanza."

Nilitaka kumzaba kofi na kumshika mkono, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilimfikiria yule mtoto wa mgongoni. Nikainuka, nikaenda nyumbani, nikarudi na bidoni zangu mbili, nikaziweka chini ya mpira wake mchana kweupe, mtaa wote unaona. Nilisema kwa sauti kubwa, sauti ya darasani, kwamba mimi na nyumba yangu tunakunywa haya. Zilipojaa nikazifunga vizibo na kuinama nizibebe.

Prezida aliweka mguu wake juu ya bidoni moja.

"Lipa," alisema.

Nilimwambia mbona anatoa bure. Alinisogelea, akashusha sauti.

"Lipa, mama mwalimu, na ulalamike basikie. Bakiona nimekupa bure, batasema ni politike. Bakiona umelipa, batasema ni mayi."

Basi nililipa. Nililalamika pia, na sikuhitaji kuigiza, maana alinitajia bei ile ile ya zamani bila aibu. Nilimwita mnyonyaji mbele ya watu, akapokea hela, akaikunja, akaitia kwenye kofia. Ng'ambo ya barabara foleni ilikuwa imegeuka yote kututazama. Kisha mama wa maandazi alitoka kwenye meza yake, mjukuu mgongoni, bidoni tupu mkono mmoja na noti iliyolowa mafuta mkono wa pili, akavuka, akasimama mbele ya lori, akauliza bei.

Prezida alimtajia.

Mama wa maandazi akaguna, akasema ni ghali mno, akaanza kubishana.